Tulivyonyoa Vichwa kwa Ajili ya Deni

Walio nami tangu mwanzo wanajua ya kuwa nilichoma mapazia. Kwa anayeanza leo nitasema kwa ufupi, maana sina haja ya kuunusa moshi ule mara ya pili.

Mwaka wa 1957 nilikuwa mshonaji, nikiishi na mume wangu Shem katika chumba cha kupanga huko Riruta. Cherehani ilikuwa yangu mwenyewe; niliinunua kwa akiba ya miaka minne kabla sijaolewa. Shem alikuwa karani wa stoo mjini. Bwana Taib, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka pwani, mwenye duka karibu na Msikiti wa Jamia, alinipa yadi thelathini za kitambaa cha maua nishone mapazia ya nyumba moja ya Wazungu Hurlingham. Niliacha pasi ya makaa juu ya kitambaa nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilikuwa na deni la shilingi mia nne na ishirini.

Bwana Taib hakuniita mwizi wala mzembe. Aliandika karatasi. Tutalipa shilingi sitini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya adhana ya adhuhuri, kwa miezi saba. Mwezi mmoja ukikosa, cherehani inakuwa yake.

Nilitia sahihi. Shem naye akatia sahihi. Miezi minne tulilipa.

Jinsi tulivyolipa si jambo la kujisifia. Nyama ndiyo iliyotangulia kuondoka nyumbani mwetu, sukari ikaifuata, na maziwa hayakungoja kufukuzwa. Mche wa sabuni tuliukata kwa uzi vipande kumi. Tulikula jua likiwa bado juu ili taa isiwashwe. Shem aliacha basi akawa anakwenda kazini kwa miguu, viatu vyake mkononi, akivivaa afikapo karibu na mjini, kwa kuwa kuanzia hapo watu walikuwa wengi na yeye ni karani.

Tuliwekeana sharti kwamba hakuna atakayetumia zaidi ya thumni, yaani senti hamsini, bila ruhusa ya mwenzake. Sharti hilo lilitufanya tuwe na mazungumzo mengi kuliko tulivyokuwa nayo wakati wa uchumba.

"Chumvi hii inakwisha upesi," Shem alisema jioni moja.

"Wewe ndiwe uliyefuta nyama."

"Nilifuta nyama, Namalwa. Sikusema tule chumvi mahali pake."

"Basi kesho nitakupikia kunde zisizo na chumvi, uone kama utanisifu kwa wenzako."

Akala. Shem alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa karani wa stoo hata akiwa nyumbani.

Mwezi wa tano wa deni, mwenye nyumba alipandisha kodi kwa shilingi kumi, na soli ya kiatu cha Shem ikaachana na kiatu. Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya kulipa, tulihesabu tukakuta tumepungukiwa na shilingi kumi na tisa. Tulihesabu tena. Hazikurudi.

"Kuna gauni la Lornah," nikasema. "Anakuja kulichukua kesho. Ni shilingi sita."

"Zinabaki kumi na tatu."

"Najua kutoa."

Shem alinitazama kichwani kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua rafu.

"Mafuta ya nazi ni shilingi moja na senti ishirini," akasema. "Kinyozi wangu ni thumni, mara mbili kwa mwezi. Nywele zinatugharimu shilingi mbili na senti ishirini."

"Kinyozi ni wako."

"Lakini mafuta unayanywa wewe. Yaani kichwa chako."

Tulibishana kidogo, kisha nikaona ni kweli. Tukatoka nyuma ya nyumba na wembe mmoja na kipande cha kumi cha sabuni. Nilimnyoa, naye akaninyoa. Alininyoa vizuri, sitamnyima haki yake. Hakuacha unywele mmoja.

Hapa yanipasa kuungama. Kwetu, huko upande wa Kimilili, mtu na mkewe hawanyoi vichwa siku moja ila kwa sababu moja tu, nayo ni kufiwa. Jambo hilo tulilijua tangu utoto. Lakini sisi tulikuwa watu wa misheni, na Shem alikuwa akisoma Biblia mbele ya kanisa. Kunyoa kwa ajili ya wafu tulikuwa tumekuacha, na kwa kuwa sisi tulikuwa tumekuacha, tulidhani hata wenzetu wamekuacha.

Siku ya Ijumaa saa sita mchana nilikuwa kwenye cherehani, kichwa wazi kwa sababu ya joto, pini tano zikiwa katikati ya midomo yangu. Lornah akaingia kuchukua gauni lake. Lornah alikuwa mke wa ndugu mmoja wa kijijini kwa Shem. Nyuma yake alikuwa mama mkwe wake, Mama Nanyama, aliyekuja kumtazama mwanawe na sasa alikuwa njiani kwenda kupanda gari la moshi la alasiri kurudi nyumbani.

Lornah aliniona. Akaweka kikapu chini.

"Woi," akasema polepole. "Woi, dada. Hii kichwa imenyolewa lini?"

Nilitaka kujibu. Mtu mwenye pini tano mdomoni hajibu upesi. Huanza na ya kwanza.

Mama Nanyama hakungoja pini ya pili. Alinikumbatia akaanza kulia, kilio cha kwetu hasa, ambacho huanzia juu na kushuka kwa ngazi. Majirani wakafungua madirisha.

"Mume wako yuko wapi, mwanangu?" akaniuliza katikati ya kilio. "Shem wetu yuko wapi?"

Shem alikuwa kazini. Nilikuwa nikitoa pini ya nne.

"Mama, gari litakuacha," Lornah akamwambia. "Wewe nenda. Mimi nitakaa na yeye."

Mama Nanyama akajifuta macho kwa ncha ya leso, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kana kwamba anakipima, akaondoka mbio kuwahi basi. Nilipotoa pini ya tano alikuwa amekwisha kufika barabarani.

"Lornah," nikasema, "hakuna..."

"Usiseme. Mtu wa msiba hasemi. Ulikuwa unakaa hapa peke yako na kitu kama hii, unashona gauni yangu?"

Akahesabu shilingi sita za gauni akaziweka mezani. Kisha akaweka shilingi nyingine tano kando.

"Hizi ni za majani ya chai. Watu watakuja."

Ningeweza kusema wakati ule. Pini zote zilikuwa zimetoka. Nataka msomaji aelewe kwamba hakuna kilichonizuia isipokuwa zile shilingi tano, ambazo nilikuwa nimekwisha kuzitoa katika zile kumi na tatu na kupata nane.

Sikusema.

Kabla ya jua kutua chumba kilijaa wanawake wa kwetu kutoka Riruta na Kawangware. Walileta unga, kuni na sukari. Walinikalisha juu ya mkeka wakanipikia chai. Ilikuwa chai ya kwanza yenye sukari na maziwa kwa miezi minne. Nilikunywa vikombe viwili. Kila aliyeingia aliweka kitu katika sahani iliyokuwa karibu na mlango, na hakuna aliyeniuliza nani amekufa, kwa maana kwetu si adabu kumtajisha mtu jina la marehemu wake kabla wakubwa hawajafika. Kila mmoja alidhani kwamba mwenzake anajua.

Shem alirudi akitembea, viatu mkononi, kichwa kinang'aa. Wanawake walipokiona kichwa kile, walilia upya.

Alinivuta nyuma ya nyumba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi hawa wanalia nini?"

"Wanalilia nywele zetu."

Alifikiri. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kuanzia juu kwenda chini.

"Waambie," akasema.

"Sahani ina shilingi ishirini na tatu, pamoja na tano za Lornah, Shem. Kesho kabla ya adhuhuri cherehani yangu inakwenda."

"Ni fedha za maiti."

"Hakuna maiti."

"Ndiyo maana ni mbaya zaidi." Akavaa viatu, sijui kwa nini. "Kesho asubuhi Umoja watakuja. Nitasimama niwaambie ukweli, kila mtu achukue alichotoa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na umekunywa sukari?"

"Vikombe viwili."

"Hata hivyo," akasema, na hakumaliza.

Jumamosi saa mbili asubuhi Umoja walikuja. Huo ulikuwa umoja wa watu wa kwetu waishio Nairobi, na katibu wake alikuwa Tobias, mtu mwembamba mwenye kofia, tai na mkoba wa ngozi, ambaye hakuwahi kupoteza risiti. Aliketi, akafungua daftari, akavua kofia.

"Ndugu Shem, tumesikitika. Ni mzee, sivyo? Ni kile kifua."

Aliyekuwa akisemwa ni baba yake Shem, Mzee Zedekiah. Mzee Zedekiah alikuwa na ng'ombe watatu na meno yake yote.

Shem akasimama, kama alivyoahidi. "Ndugu zangu, nataka kusema jambo."

"Utasema," Tobias akamjibu kwa upole, "lakini kwanza usikie. Jana jioni tulipita nyumba kwa nyumba, kutoka hapa mpaka vyumba vya watumishi kule Hurlingham. Umoja umetoa shilingi tisini na mbili."

Nilimwona mume wangu akiwa amefungua kinywa. Nilimwona akikifunga.

"Sema sasa, ndugu."

"Asanteni," akasema Shem, akaketi.

"Kwa hiyo ni kifua?"

"Kifua chake kilikuwa kibaya Desemba," Shem akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Kila neno alilosema asubuhi ile lilikuwa la kweli, na ndilo lililonitia hofu, kwani sikujua ya kuwa mume wangu ana kipaji hicho.

"Na habari zilikuja kwa njia gani? Hakuna telegramu iliyofika kwangu."

Shem akatazama sakafu. Wazee wakamtazama Shem.

"Kwa watu," nikasema mimi. "Zililetwa na watu."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza, nami siwezi kumgawia mtu mwingine sehemu yake.

Tobias akaandika. Kisha akanyoosha mkono akaichukua ile sahani iliyokuwa karibu na mlango, akamimina fedha zote mezani, akazihesabu na kuzitia katika mkoba wake pamoja na zile tisini na mbili.

Nadhani nilisogea.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," akasema. "Tangu yule aliyechangiwa msiba wa shangazi yake akanunua baiskeli, Umoja hautoi fedha mkononi. Kila senti ya msiba inapita katika kitabu. Hizi zinanunua tiketi tatu za daraja la tatu, gari la Jumatatu jioni: wewe, mume wako, na mimi kwa niaba ya wote. Zinazobaki zitanunua blanketi la mama mjane, sukari na majani ya chai. Tutamkuta amekwisha kuzikwa, lakini tutahudhuria matanga."

"Mama mjane," Shem akarudia.

"Hawezi kukaa mjane bila blanketi, ndugu. Sisi ni watu."

Walipoondoka tulikuwa na shilingi arobaini na saba, ahadi ya tiketi mbili za kwenda kumwombolezea mtu aliye hai, na saa tatu za kufika kwa Bwana Taib. Tulitumia nauli ya basi bila kuombana ruhusa.

Bwana Taib alikuwa ameketi mahali pake, nyuma ya majora ya khanga. Alikuwa amekaa na watu wa bara miaka ishirini. Alitazama kichwa cha Shem, kisha akatazama kitambaa changu cha kichwani na kipara kilichokuwa kikianzia chini yake, akafunga daftari lake.

"Nani?" akauliza.

Shem akageuka kutazama khanga. Nilijua hatageuka tena mpaka mtu mwingine awe amejibu.

"Mzee wa kwao," nikasema.

"Mola awape subira." Akasukuma shilingi zetu zikarudi upande wetu. "Mimi sipokei fedha za mtu mwenye msiba, binti. Baba yangu hakufanya, na mimi sianzi leo."

"Lakini karatasi..."

"Karatasi niliiandika mimi. Mwezi huu umesogea."

Cherehani ilikuwa imepona. Nikawaza, na hili pia naliungama, kwamba Mzee Zedekiah alikuwa ametufaa kuliko ndugu wengi.

"Mnasafiri lini?" Bwana Taib akauliza.

"Jumatatu," nikasema.

"Nyote wawili?"

"Sote."

"Na cherehani?"

"Ipo nyumbani."

"Nyumba tupu, Riruta, wiki nzima?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "La, binti. Mwizi hana matanga. Nitamtuma mtu wa mkokoteni leo hii aichukue. Itakaa hapa dukani, chini ya jicho langu. Mkirudi, mtakuja na za mwezi huu na za mwezi ujao pamoja, mia na ishirini, mtaichukua."

"Bwana Taib, sitaki kukusumbua."

"Hunisumbui."

"Jirani yetu angeweza kuitazama."

"Jirani ana macho mawili, nayo ni ya nyumba yake."

Nilitafuta neno la kukataa. Neno lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kwamba hatusafiri. Nilimtazama Shem. Shem alikuwa akizisoma khanga moja moja.

Saa kumi mkokoteni ulifika Riruta. Mimi mwenyewe niliifunika cherehani kwa shuka ili isichubuke. Sijatendewa wema wa namna ile tena maishani, na sijautafuta.

"Ingekuwa tumesema kweli jana," Shem akasema, tukiutazama mkokoteni ukiondoka, "tungekuwa tumekosa shilingi kumi na tatu tu. Pengine angetungojea."

"Pengine."

"Sasa tunadaiwa mia na ishirini, na cherehani haipo, na baba yangu amekufa."

"Usiseme hivyo."

"Nani alisema kwanza?"

Usiku ule hatukuzungumza. Tulikuwa tumepunguza matumizi hata hapo.

Jumapili Shem alidhamiria kusema kanisani. Alivaa koti lake na kusimama wakati wa matangazo. Mchungaji alipomwona amesimama, alidhani amelemewa, akashuka akamshika bega na kuwaomba watu wote wasimame naye. Wakasimama. Wakamwimbia Mzee Zedekiah beti nne. Shem naye aliimba, kwa maana sauti ya pili ilikuwa imepungukiwa na watu.

"Nitawaambia kwenye gari," akaniambia tulipotoka. "Nitamwambia Tobias peke yake, tukiwa tumekwisha kuondoka. Mtu akiwa ndani ya gari la moshi hawezi kuondoka kwa hasira."

"Tukifika Nakuru anaweza."

"Basi baada ya Nakuru."

Huo ndio ulikuwa mpango wetu. Tungemwambia Tobias njiani, tungemwomba Mzee Zedekiah msamaha tukifika, na blanketi tungempa mama kama zawadi. Tukirudi tungelima shamba la mtu mwezi mmoja tutimize mia na ishirini. Uliponiingia kichwani ulionekana mpango mzuri. Kilikuwa kichwa chepesi.

Jumatatu asubuhi Shem alikwenda kazini kuomba ruhusa. Mimi na Tobias tulitangulia stesheni saa kumi, tukiwa na mzigo wa sukari na blanketi la kijivu lililofungwa kwa kamba. Tobias alikuwa na tiketi zote tatu katika bahasha, na bahasha katika mkoba, na mkoba kifuani.

"Shemeji, umekonda," akaniambia.

"Ni msiba."

"Umekonda tangu Aprili."

Nikatazama reli.

Shem alifika gari likiwa limekwisha kuletwa kwenye jukwaa. Hakuwa na haraka. Alitembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Viatu vilikuwa miguuni.

"Wamekupa ruhusa?" nikamwuliza.

"Wiki moja, bila mshahara."

"Bila mshahara?"

"Hilo acha kwanza." Akatoa karatasi mfukoni. "Hii imekuja ofisini saa nane, kwa sanduku letu la posta. Ni telegramu. Imeandikwa jina lako."

Katika miaka yetu yote Shem hakuwahi kufungua barua yangu. Hii alikuwa ameifungua. Nikaisoma.

NAMALWA. MAMA NANYAMA AMETUELEZA YOTE. KABURI LA SHEM LIMECHIMBWA JANA. USIMZIKE NAIROBI. MLETE MWANANGU. BABA YAKO ZEDEKIAH.

Niliisoma mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimeisoma kama habari za watu wengine.

Mama Nanyama alikuwa ameondoka Ijumaa kabla Tobias hajaamua nani amekufa. Alikiona kichwa changu. Cha Shem hakukiona. Aliniuliza mume wangu yuko wapi, nami sikumjibu. Kisha akafika nyumbani Jumamosi, akamkuta Mzee Zedekiah yu mzima anakamua ng'ombe. Basi mwanamke aliyenyolewa kule Riruta alikuwa akimlilia nani? Hakuhitaji kuambiwa. Nami nisingalihitaji kuambiwa kama ningalikuwa mahali pake.

"Limechimbwa jana," Shem akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeona."

"Baba amelichimba mwenyewe, nadhani. Ana umri wa miaka sabini."

"Shem."

"Namalwa, unajua kwetu kaburi halifukiwi tupu."

Nilijua. Hata watu wa misheni wanajua. Kaburi likichimbwa kwa jina la mtu, halirudishiwi udongo hivi hivi. Lazima kitu kiingie ndani yake mahali pa mtu yule, na wazee waseme maneno yao, na hata hapo mwenye jina huishi maisha yake yote akitazamwa kwa pembe ya jicho. Wengine humkataza kabisa asikanyage boma la baba yake.

"Tukipanda gari hili," Shem akasema, "nitafika kesho kwenye kaburi langu na blanketi mkononi."

"Na tusipopanda?"

Mlinzi wa gari alikuwa akifunga milango ya mabehewa ya mbele. Ng'ambo ya mji, chini ya jicho la Bwana Taib, cherehani yangu ilikuwa imefunikwa shuka, ikingoja mtu arudi kutoka msibani na shilingi mia na ishirini.

"Hiyo ni ya nyumbani?" Tobias akauliza. Alikuwa amesogea karibu, mkoba kifuani. "Nipe niisome, shemeji. Habari za msiba ni za Umoja."

"Ni ya kwangu," nikasema.

"Macho yako yamejaa machozi, huwezi kuisoma vizuri. Nipe."

Shem angeweza kunizuia. Mimi ningeweza kuikunja. Lakini Tobias alikuwa katibu kwa miaka tisa, na karatasi ilihamia mkononi mwake kama inayojua njia.

Tobias alikuwa na desturi moja ya kiofisi. Kabla ya kusoma barua yoyote, alishuka kwanza chini kabisa kulisoma jina la aliyeiandika.

Alishuka. Akalisoma. Akalisoma tena.

Kisha akavua kofia yake, taratibu, akaishika kifuani juu ya ule mkoba.

"Shemeji," akaniuliza kwa upole mkubwa, "hii imepigwa lini?"

Ilikuwa imepigwa asubuhi ile, na mlinzi wa gari alikuwa amekwisha kutia filimbi mdomoni.